Jumamosi Nyuma ya Jikoni

Gitothua, Ruiru
5 Oktoba 1958

Dada yangu mpendwa Idah,

Leo nimeahidi moyoni kukuambia yote bila kuficha hata moja. Hujambo? Shemeji Dismas hajambo? Sisi tu wazima, ila Mama anakohoa kidogo.

Ile kazi uliyonifundisha kabla hujaolewa imekuwa kubwa. Kila Jumamosi mimi na wenzangu wawili wa shule tunawaonyesha akina mama jinsi ya kupanda spinachi nyuma ya jikoni, kwa maji yaliyooshewa vyombo. Hatulipwi. Lakini Baba amesema kwamba spinachi yetu isipofika kwenye sufuria kabla kahawa haijaanza kuiva, Jumamosi zangu zitakuwa za kuchuma kahawa.

Siwezi kutulia. Natoka kutazama kitalu, naingia ndani, natoka tena. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Gathoni

Thika
12 Oktoba 1958

Mdogo wangu,

Nimepokea salamu zako, nasi pia hatujambo. Mpe Mama pole.

Spinachi haijui kama una haraka. Mvua ikianza, hamisha miche, kisha usiiguse.

Najua utaniuliza mbona nisije kukusaidia. Tangu niolewe na mtu wa magharibi ya Kenya, asiye wa kabila letu, Baba hajanitumia hata salamu. Siku akiniita nitakuja. Bila kuitwa, siji.

Dada yako,
Idah

Gitothua, Ruiru
16 Novemba 1958

Dada,

Habari za siku nyingi? Mama amepona. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kukufurahisha.

Kila Jumamosi akina mama walitaka kuona mizizi, na mche unavyoshikwa. Mimi nang'oa mmoja, naonyesha. Mama Ngendo, jirani yetu, anasema, "Mwalimu, umeshaung'oa, utaurudisha wapi? Lete hapa!" Mama mwingine naye anaomba wake. Sasa nyuma ya kila jikoni ni kijani, isipokuwa nyuma ya jikoni kwetu.

Jana Baba alikuja kukagua mbele ya darasa zima. Akakuta mashina matatu.

"Umelisha Gitothua yote. Sisi je?"

"Baba Idah, usimwonee mtoto," Mama Ngendo akasema. "Kwangu tunakula kila siku."

"Basi ahamie kwako!"

Wote walicheka, mimi sikuweza. Akatangaza kwamba Jumamosi ijayo naenda kahawani.

"Na sisi atatufundisha nani?" wakamuuliza.

Baba akatazama upande wa barabara ya Thika. Kisha akasema, "Si yuko aliyemfundisha huyu? Kama kazi ni nzuri hivyo, aje aifanye mwenyewe." Akaingia ndani.

Hakutaja jina lako. Lakini tangu jana Mama anafagia ua, na Baba hamuulizi kwa nini.

Wenzangu wa shule wanasema zile zilikuwa hasira tu. Mimi sijalala vizuri nikiyafikiria maneno hayo. Dada, nijibu mara upatapo barua hii, kabla ya Jumamosi: je, hapo umeitwa, au bado?

Mdogo wako,
Gathoni