Jibu Nililowaandalia Matapeli

Jumanne, Novemba. Benaco kumenyesha tangu alfajiri, tope jekundu limeingia mpaka ndani ya duka. Moyo wangu haujatulia, na sitaki utulie.

Niandike tangu mwanzo, maana leo sina wa kumwambia.

Nina kompyuta moja na jenereta, nachapa barua za watu wa kambi ya wakimbizi. Wengi hawana anwani ya barua pepe, kwa hiyo huwapa yangu mwenyewe. Mmoja wao ni Bibi Konsolata, mkimbizi kutoka Burundi. Alipoteana na binti yake, Odeta, siku walipokimbia. Kirundi chake na Kihangaza changu vinaelewana, na amekuwa kwangu kama mama mdogo. Tangazo lake la kumtafuta Odeta tuliliweka kwenye tovuti ya watu waliopotezana, na chini yake jina la duka langu na anwani yangu.

Hapo ndipo barua taka zilipoanza kumiminika. Wajane wa majenerali, bahati nasibu, dawa za nguvu za kiume. Nilikuwa nafuta tu. Mwezi wa nane akaandika mtu aliyejiita daktari: Odeta amelazwa kwake, hali mbaya, pesa ya matibabu inatakiwa haraka. Bibi aliuza cherehani yake. Daktari hakuandika tena.

Mimi ndiye niliyemsomea barua ile. Tena kwa sauti ya furaha.

Tangu siku hiyo nilitaka mtu wa kumuumiza. Binamu yangu Denis, fundi wa kompyuta, akanitengenezea kinga. Mtu asiyemo kwenye orodha yangu akiandika, barua yake inazuiwa na yeye anapelekewa jibu papo hapo. Maneno ya jibu niliyatunga mwenyewe, huku natabasamu: kama wewe ni mwizi, nimekujua, Bibi uliyemwibia analia na polisi wanakutafuta. Kama si mwizi, taja jina lako kamili, unapoishi, na nani aliyekupa anwani hii. Akijibu, barua yake inapita; asipojibu kwa siku tatu, inafutika.

Denis aliniuliza, na mtu mwema asiyeweza kujibu je? Nikamwambia mtu mwema hana cha kuficha.

Wiki kadhaa nililala vizuri. Rafiki yangu wa chuoni alilalamika kwamba ameitwa mwizi, nikamwambia avumilie. Kila nilipoona barua zimefutika nilisikia raha, kama mtu anayeponda nyoka.

Jana mchana dereva wa lori la mahindi kutoka Nyantakara, kule Biharamulo, aliniletea bahasha yenye jina la Bibi. Nikaagiza aitwe. Akaja, nikamwamkia shikamoo, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuniomba nimsomee.

Ilikuwa ya Odeta.

Ameolewa na mkulima wa Kisukuma, wana watoto wawili. Hana kibali cha kuishi nje ya kambi, ndiyo maana hathubutu kuja. Mwalimu mmoja wa huko aliliona tangazo, akamsaidia kuandika barua pepe mara mbili kutoka Biharamulo mjini. "Nilijibiwa kwamba mimi ni mwizi na polisi wananitafuta. Nikaulizwa ninapoishi. Mama, kama ni wewe umesema hivyo kwa sababu niliuachia mkono wako njiani, niambie mwenyewe."

Sentensi hiyo niliisoma mara mbili.

Bibi hakulia. Aliuliza ni nani aliyemwita mwanawe mwizi. Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza habari ya kinga, ya matapeli, yote. Alisikiliza ameshika bahasha kwa mikono miwili.

"Yule alichukua cherehani," akasema. "Wewe ulikuwa unachukua mtoto."

Kisha akaniambia nishike kalamu. "Andika hivi: mkono hukuuachia wewe. Niliuachia mimi. Nilikuwa nimembeba mdogo wako."

Alipoondoka niliwasha kompyuta ili niitoe kinga ile. Nikakuta barua moja imepita. Daktari yuleyule, maneno yaleyale, ila hospitali nyingine. Maswali yangu alikuwa ameyajibu yote bila wasiwasi: jina kamili, mtaa, hata namba ya nyumba. Anwani, eti, alipewa na Bibi Konsolata mwenyewe.

Odeta aliogopa swali langu. Mwizi hakuliogopa.

Kinga nimeitoa. Leo nimesoma kila barua kwa macho yangu, hata za wajane, na nusu ya asubuhi imeishia hapo. Ya daktari sijaifuta. Natamani kumjua, natamani akae kwenye kiti kile mbele ya Bibi. Hasira hiyo bado ninayo na siioni ikiisha.

Lakini chini ya maneno ya Bibi nimeongeza yangu, nikaweka jina langu: mimi ndiye niliyekuita mwizi, mama yako hakujua, na hakuna polisi. Dereva anapita kesho asubuhi.

Ningekuwa Odeta, ningeamini karatasi inayotoka kwangu?