Rimu ya Nne

Kaka yangu,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi na wale wanangu wawili wanaomjua shangazi yao kwa picha tu. Sisi huku tupo. Nasema tupo, sisemi hatujambo, kwa sababu mgongo wangu haunyooki wiki nzima sasa, nyonga ya Mama inamsumbua kila wingu likitanda, na macho ya Baba yamefika mahali ambapo ananitambua kwa mlio wa viatu. Lakini tunakula, tunalala, na hatudaiwi na mtu. Wengi mtaani hapa hawawezi kuyasema hayo matatu kwa mpigo mmoja.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Barua hii nampa dereva wa lori la mchanga, yule anayepita karibu na duka lako, na nimemwambia akutie mkononi, asikuachie mlangoni. Isome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati. Mimi mwenyewe nimekasirika mara kadhaa nikiiandika.

Nianze na gari, maana yote yametokea hapo. Ni lile lile jeupe la Baba. Najua hutaki kulisikia. Tangu siku ile ulipokuwa ukimrudisha Mama kutoka kliniki, likaacha barabara penye kona na kugonga ukingo, Mama akavunjika nyonga, na Baba akasimama uani mbele ya majirani akakuambia kwamba mwendo wako wa kihuni ndio uliomlemaza mama yako, gari hilo kwako ni kaburi. Ulichukua begi ukaondoka, na huu ni mwaka wa sita. Kwangu mimi gari hilo ni mkate. Ulipoondoka, wazee walibaki na mtu mmoja, na mtu huyo hajapewa likizo.

Injini nimeitengeneza kipande kwa kipande, kama mtu anayejenga nyumba kwa tofali za kila Jumamosi. Bodi nimeinyoosha, viti nimevishona mwenyewe. Mwezi uliopita nikalipeleka kwa bwana mmoja anayekodisha magari ya harusi. Akalizunguka mara moja, mikono nyuma, akasema bibi harusi ni mzuri lakini viatu vyake ni vya kuchotea maji. Alikuwa akimaanisha rimu. Kweli zilikuwa zimechakaa, rangi imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na moja imepinda hivi kwamba fundi wa matairi alikataa hata kuigusa. Bwana harusi, ndivyo tunavyomwita, akanipa wiki mbili. Nikiziweka sawa, gari linaingia kwenye orodha yake ya msimu mzima.

Nikaenda dukani kuulizia rimu mpya. Bei ya nne ni zaidi ya nilichotumia kwa injini yote. Kuzipeleka kwa wapaka rangi wenye mashine ni nusu ya hapo, na nusu ya kitu usichokuwa nacho bado ni kitu usichokuwa nacho. Kwa hiyo nikanunua misasa ya aina tatu, puti ya kuzibia mikwaruzo, rangi ya msingi, rangi ya fedha ya kupuliza na vanishi, vyote kwa bei isiyofika hata ya robo ya rimu moja, nikavihamishia uani. Ile iliyopinda nikaiacha, nikaitoa ya akiba kwenye buti la nyuma ili iwe ya nne. Matairi sikuyatoa. Nilichomeka kadi za zamani za mialiko ya harusi kati ya mpira na chuma, moja kando ya nyingine mpaka duara likajaa, ili rangi isiguse mpira. Maharusi wengine kwenye kadi zile wameshaachana, lakini kadi zao bado zina kazi.

Rimu ya kwanza niliipulizia siku jirani yetu wa ukuta wa pili ameanika mashuka. Upepo ukageuka. Alikuja na shuka moja begani, nusu jeupe nusu la fedha, akasema kwa sauti ya mtaa mzima kwamba leo mumewe atalala aking'aa kama sufuria mpya, na kama nina mpango wa kupaka na paa lake nimwambie mapema. Nilimfulia mashuka yote. Kuanzia hapo nikawa napulizia ndani ya banda la kuku, kuku nimewahamishia jikoni kwa Mama. Hiyo ni kesi nyingine.

Baba alikuwa mkaguzi wangu. Unamjua, hawezi kukaa bure. Nilimwekea kiti mlangoni, na kila nikimaliza kusugua rimu namwekea magotini, anaipitishia vidole polepole kuanzia mdomo wa rimu mpaka katikati. Akisema bado, ni bado. Ya kwanza alinirudishia mara tatu. Ya pili akasema kuna kijishimo kidogo kama jicho la sindano, nikaangalia kwa macho yangu mazima sikukiona, nikapitisha ukucha, kikakwama. Nilichoka mpaka nikamwambia kwamba hata wanaooa hawakaguliwi hivi. Akacheka, akasema ndiyo maana wanaachana.

Ndipo ikafika ya nne, ile ya akiba. Nilikuwa nimeanza tu kuisugua, rangi ya juu imetoka upande mmoja, nikataka ushauri wake. Nikaisogeza kwenye magoti yake. Baba akaweka mikono kwapani. Akasema imetosha, paka rangi. Nikamwambia hajaigusa. Akasema anaijua, paka rangi tu, mwanangu, jua linazama. Jua lilikuwa utosini.

Kaka, mtu aliyenirudishia rimu moja mara tatu, na nyingine kwa tundu la sindano, hawezi kupitisha ya nne bila kuigusa. Nikaichukua, nikakaa chini kivulini, nikaendelea na msasa wa maji taratibu. Chini ya rangi kukatokea mikwaruzo mirefu mdomoni, ile ya chuma kilichosagwa na lami. Hapo nikajua ndiyo rimu ya siku ile, iliyotembea bila upepo baada ya tairi kuisha. Baba aliifunika kwa rangi, akaitia kwenye buti. Hilo peke yake halikunishangaza, Baba hatupi kitu.

Lakini chini ya mikwaruzo kulikuwa na puti. Ufa unaanzia mdomoni mwa rimu unaingia ndani, mrefu kama kidole changu cha kati, umezibwa kwa gundi ya chuma na puti, umelainishwa vizuri sana. Na mikwaruzo ya lami imepita juu ya puti hiyo, kutoka chuma kuingia kwenye puti na kutoka tena kwenye chuma, mstari mmoja usiokatika. Nimeigeuza kwenye mwanga kila upande. Nimesugua rimu wiki nzima, sasa nazijua. Lami haiwezi kukwaruza puti ambayo bado haijawekwa. Puti ilikuwepo kabla hujatoka kliniki. Ulipewa gari lenye rimu iliyopasuka, ikaachia upepo kwenye kona, na hakuna dereva ambaye angeweza kulishika.

Nikairudisha kwa Baba. Safari hii nilimshika mkono mwenyewe, nikauweka juu ya ufa. Hakuuondoa. Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akasema aligonga shimo barabarani wiki moja kabla, akaziba ufa ili ushike mpaka mwisho wa mwezi apate ya kubadilisha. Asubuhi ile alipokutuma, alitaka kukuambia uende polepole, ulitazame lile tairi, lakini akaona aibu kwamba baba mzima anamkabidhi mwanawe gari la viraka. Na Mama alipokuwa amelala pale hospitalini, watu wakiuliza imekuwaje, neno mwendo likamtoka mdomoni kabla hajalifikiria. Alisema kijana akikosea watu husahau, mzee akikosea huzikwa nalo. Kisha akaniomba nipake rangi, yaishe.

Sikupaka. Nilimwambia nimeuguza nyonga ya Mama, nimekuwa macho yake yeye, nimekosana na kaka yangu kwa ajili ya kauli yake, na sasa anataka nimpakie na rangi ya fedha juu. Nilisema maneno mengine ambayo sitayaandika. Nikaenda kukaa garini, milango nimefunga, madirisha nimepandisha.

Alikwenda mwenyewe jikoni, akipapasa ukuta, kuku wakimpigia kelele miguuni. Alimwambia Mama yote. Mama alikuwa akimenya viazi. Unakumbuka alivyosema tangu siku ya kwanza kwamba hukuwa unakimbia, na sisi sote tukasema ni uchungu wa mwana, mama gani atamsema mwanawe? Mimi ni mmoja wa waliosema. Alimsikiliza Baba mpaka mwisho, akamwambia alisema. Neno hilo tu, kwamba yeye alisema. Akaendelea na viazi. Tangu hapo anampakulia chakula na kumwekea mezani, lakini hamwambii kiko wapi, anaacha akitafute kwa mkono.

Yule bwana wa magari nilimpelekea rimu tatu zinazong'aa na moja nyeusi ya chuma niliyoitoa kwa muuza vyuma chakavu. Akacheka mpaka akashika boneti, akasema bibi harusi amekuja na kiatu kimoja cha shule. Nikamweleza kwa nini. Akaacha kucheka. Amesema nirudi nikipata ya nne inayofanana na hizo tatu, nafasi haniwekei. Basi. Msimu utakwenda, nitabeba abiria wa sokoni kama kawaida.

Sasa jambo lenyewe. Baba anataka kuja kwako. Nilimwambia nikuandikie uje wewe, akakataa, akasema aliyefukuza ndiye anayekwenda. Nitamleta Jumamosi, tukijaliwa, kwa gari hilo hilo. Mama haji. Anasema safari hii si yake, na kwamba yeye na wewe hamjawahi kugombana.

Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe bado. Nimechoka sana kwa sasa, hata hasira naibeba kama mzigo wa mtu mwingine. Ombi langu ni dogo. Mimi nitabaki garini. Nitamfikisha hadi ngazi, nitamwacha abishe hodi. Ukiamua kutomfungulia, ni haki yako, sitakulaumu. Ila kohoa, au sogeza kiti, ajue umo ndani. Haoni, Kaka. Asiposikia kitu atadhani hujarudi kutoka dukani, na atasimama hapo mlangoni kukungoja.

Msalimie sana wifi. Wabusu watoto, waambie shangazi yao mikono yake inanuka tina ya rangi lakini ni mwema.

Ni mimi, mdogo wako uliyeniacha na wazee.