Kwa Baba Nelly: Maneno ya Kile Kikao Nayafuta

Mwaka umezunguka, Baba Nelly, tangu asubuhi ile ya baridi ya Julai ulipotutoka. Wewe Nathanieli Mtewele, mzaliwa wa Kifanya, fundi seremala wa Makambako. Watu bado wanapita mlangoni pa karakana wakisalimia "Kamwene", halafu wanakumbuka kwamba hakuna wa kuitikia.

Ulikuwa mtu wa watu. Ukisikia kuna msiba, uliacha kila kitu palepale. Jeneza hukuwahi kulichelewesha hata moja. Ulianza asubuhi, saa nane mchana limeshapigwa vanishi, hujala, ukiitwa husikii. Mafundi wenzako walishangaa, maana mtu huyohuyo alikuwa na vitanda vitano vimesimama bila chaga.

Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Kabati langu la vyombo ulilianza Nelly akiwa mgongoni, akaingia darasa la kwanza bado halina mlango. Ulitumwa chumvi, ukarudi na kifaranga. Siku ya mvua Nelly alibaki shuleni peke yake akikusubiri, kumbe uko kwa jirani unamtengenezea redio. Mimi nilikuwa nakuangalia tu, moyoni nasema huyu ananidharau. Siku moja nikakuambia, "Mpaka nife ndiyo utanitengenezea kitu kikaisha?" Neno hilo sijui nilitupe wapi.

Kisha nikaomba kikao cha ukoo Kifanya. Nilipanda gari na ile fremu ya mlango wa kabati, nikaisimamisha mbele ya baba mkwe, mzee Ezekia, na wazee wenzake, kama shahidi. Nikasema, "Baba, oneni wenyewe. Huyu hana akili ya nyumba."

Wazee walicheka. Baba mkwe akakuuliza, "Wewe Nathanieli, kwani unaumwa?"

Ukajibu, "Baba, sijui. Natamani ningekuwa naumwa."

Wakacheka tena. Nami nilicheka.

Jibu lilikuja kupitia kwa Nelly. Mwalimu alisema mtoto hatulii, ukampeleka hospitali Njombe. Daktari anauliza habari za mtoto, wewe unajibu, "Hata mimi niko hivyo, daktari." Akakuambia urudi mwenyewe, ukarudi mara mbili. Mara ya pili uliingia nyumbani na karatasi yenye herufi nne, ADHD. Ukasema, "Mama Nelly, kumbe siyo dharau! Ni hali ya ubongo, nimezaliwa nayo. Miaka thelathini na sita, hakuna aliyejua!"

Nikakujibu, "Kwa hiyo sasa umepata cheti cha uzembe."

Uso wako ulivyozima bado nauona.

Wewe hukuacha kujaribu. Daktari alikushauri uandike kila jambo, ukawa unaandika kwa penseli yako ya ufundi kwenye vipande vya mbao. Jumatano, mchukue Nelly. Ijumaa, kitanda cha mchungaji. Ulivipanga dirishani. Vilikuwa vyembamba na vikavu. Nilivisoma, nikaviwashia moto wa uji. Ulipovikosa ulicheka, ukasema, "Mke wangu, umechoma Jumatano yangu." Siku hiyo Nelly alisubiri tena shuleni, nami nikakugombeza tena.

Miezi mitatu baadaye kifua kilikubana, na siku ya nne ukaondoka. Sikuwa nimekuambia pole.

Baada ya mazishi nilirudi kwa yule daktari na karatasi yako. Mimi niliishia la saba, nikamwomba anieleze taratibu. Akasema mtu wa namna hiyo hakosi upendo wala akili. Jambo linaloweza kusubiri linamponyoka, na jambo la haraka linamshika mzimamzima. Hapo ndipo nikaelewa yale majeneza. Alisema wapo watu wazima wengi wanaishi hivyo bila kujua, na wanaoishi nao wanachojua ni kuumia tu. Nelly sasa namkumbusha mara moja, mara mbili, hata mara ya nne, bila kumfokea. Wewe hata ya pili sikukupa.

Wiki iliyopita mdogo wako Lukas alikuwa anafagia karakana, akakuta kipande kimoja nyuma ya meza yako ya kazi. Ni mwandiko wako: Mlango wa Mama Nelly. Kwanza. Hilo "kwanza" umelipigia mistari miwili. Hukukileta dirishani. Nadhani ulikuwa unaliogopa jiko langu.

Jumapili hii baada ya ibada tutakutana Kifanya kwa mzee Ezekia. Wazee walewale nimewaomba waje. Nilikushtaki mbele yao, basi mbele yao nitayafuta maneno yangu. Fremu nitaisimamisha palepale, nitawasomea kipande hiki, niseme aliyekosa katika nyumba ile ni mimi. Lukas alitaka kuimalizia iwe mlango, nimemkatalia. Iende kama ulivyoiacha.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Eveline, binti yako Nelly, baba yako mzee Ezekia, dada yako Hulda, mdogo wako Lukas, na mafundi wenzako wa Makambako.

Nelly ameniambia niandike hivi: anasahau daftari, anasahau sweta, ila baba hamsahau. Nasi sote ni hivyo, Baba Nelly, siku zote.