Ile Nyekundu ya Busi

Chang'ombe, Jumamosi jioni, 1994

Nilishindwa kunyamaza, na sasa najilaumu.

Leo ofisi ya mifugo imeuza pikipiki zake kuukuu kwa mnada. Yangu ilikuwapo, ile nyekundu niliyopanda nayo milima ya Busi miaka tisa, kasha la chanjo nyuma, kabla hawajanipunguza kazini. Tangi limepauka. Watu waliipiga kiki mpaka wakalowa jasho, haikukohoa hata kidogo. Wakaiita chuma chakavu, wakaenda zao.

Siri yake naijua mimi tu. Unailaza kwanza ubavu wa kushoto, petroli idondoke kidogo, ndipo unapiga kiki. Nilikaa kimya makusudi. Wakiikimbia wote, itakuwa yangu.

Akabaki mzee mmoja mwenye kanzu, kashika usukani.

"Bwana mifugo! Si wewe uliyekuja na hii siku ya mvua, ng'ombe wangu aliposhindwa kuzaa?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Siku hizi haji mtu. Ndama wanakwisha. Nilitaka niwe naifuata chanjo mwenyewe, lakini naona imekufa."

Sijui mkono wangu ulitumwa na nani. Nikailaza kushoto. Kiki moja tu.

Mlio ule ule! Mzee akainunua, akakunja kanzu mapajani, akaondoka. Nilisimama mpaka vumbi likatulia.

Mke wangu amenusa petroli kwenye shati. "Umeipata?"

"Hapana. Imerudi kazini."

Mimi bado.