Nimetolewa Kwenye Kuni, Nimewekwa Kwenye Maji

Kwako Mama Kemunto,

Kwanza nipe habari ya goti lako, na kama yule ng'ombe mweusi amezaa. Mimi ni mzima. Vijana wa laini, hizi nyumba za wafanyakazi, wanakohoa kila asubuhi kwa baridi ya Kericho, mimi sikohoi. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa karani, maana mambo haya si ya karani.

Ile injini ya kuni imezimwa. Miaka yote niliyoilisha, hakuna mtu katika kiwanda hiki cha chai aliyejua moto kama mimi. Nikisikia tu mlio wake najua imeshiba au ina njaa. Sasa wameweka mashine chini mtoni, ati maji ndiyo yanaizungusha, halafu stima inapanda kwa waya mpaka kiwandani. Meneja akasema wazee wa kuni wajifunze maji au waende kwao. Wenzangu wawili walifunga masanduku. Mimi nikasema nitajifunza. Nani wa kunishinda?

Mama Kemunto, sielewi.

Fundi wetu ni Kiprono, Mkipsigis wa hapa Kabianga, umri wa kitinda mimba wetu. Amenipa reki nitoe majani na matope kwenye wavu, pale maji yanapoingia bombani, na niangalie mlango wa maji. Nimeyashika maji kabla hayajaingia, ni baridi. Nikashuka nikayashika yakitoka, baridi ileile. Nikaonja. Yako mengi vilevile. Sasa stima imetolewa wapi? Kuni ukichoma unaona majivu. Hapa majivu yako wapi?

Kiprono akasema, "Mzee, si maji yenyewe, ni kule kuanguka kwake."

Nikamwambia, "Mimi nimeanguka mara nyingi na sikuwahi kuwasha taa."

Alicheka mpaka akaketi.

Jumanne hakucheka. Saa ya chakula niliona watu wanakula na maji yanaenda bure, nikafunga mlango niyaweke ya jioni, vile nilivyokuwa nikifunika makaa kwa majivu kuokoa kuni. Kumbe kiwandani feni zinapuliza majani mabichi hata watu wakila. Zikasimama zote. Majani yakapata joto, yakaanza kunuka. Kiprono akashuka mbio bila kofia.

"Mzee, nani amefunga?"

"Mimi. Naweka akiba."

"Akiba gani? Mto si unakuja wenyewe!"

Nikaenda kuangalia akiba yangu. Maji yalikuwa yamepanda ule ukuta unaoyazuia, yamerudi mtoni kwa njia yao. Sikuokoa hata debe moja. Nikachukua reki yangu nikarudi kwenye wavu.

Jumamosi Kiprono ataniacha pale peke yangu siku nzima. Feni zikisimama tena, nifunge sanduku.

Ulisema nije tu, nimezeeka. Si ukaidi. Nikirudi sasa, ndugu yangu Onchiri ataniuliza mbele ya watu namna stima inavyotoka kwenye maji, na katika boma lile sijawahi kukosa jibu.

Nisalimie Kemunto na mume wake. Yule mwalimu wa kanisani aliyenifundisha herufi, mwambie mkono haujasahau.

Ukienda mtoni kuchota, simama kidogo uyaangalie maji yakianguka pale kwenye mawe. Ukiona kitu, niandikie. Usimwambie Onchiri.

Mume wako,
Baba Kemunto, mtu wa kuni, na wa maji mpaka Jumamosi