Beberu Hakufika Mbumbuni

Kwa Vonza,
Kitui.
3 Septemba 2025

Mpendwa binti yangu Wayua,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo wako umepata nafuu? Na Nduku ameshaizoea shule ya huko Aberdeen? Baba yako ni mzima, ila hali chakula vizuri tangu mama yako atutoke. Mimi figo zimechoka kabisa. Daktari ameacha kuniambia nirudi.

Sijapiga simu kwa sababu simu ya hapa ni ya baba yako, naye huongea akiwa amefungua sauti mpaka majirani wakaitikia salamu. Jambo hili halifai kusikika hivyo.

Wakili wako alikuja Jumatatu. Anataka tarehe kumi na nane Novemba nishike Biblia kortini, niape kwamba mimi, kaka mkubwa wa baba yako, nilikamilisha ntheo ya mama yako, wale mbuzi watatu ambao bila wao mwanamke kwetu si mke. Mjomba wako Mbaluka anasema wa tatu hakufika, kwa hiyo dada yake Kanyiva atazikwa kwao Mbumbuni. Ndiyo sababu mama yako yumo mochari mwezi wa tatu huu.

Wayua, Mbaluka anasema kweli.

Ilikuwa Agosti 1989. Mbuzi wawili marehemu babu yako alikuwa amekwisha kuwapeleka. Aliacha neno kwamba beberu wa kumalizia nimpeleke mimi, pamoja na wazee wawili. Lakini nilikuwa mwalimu mwenye baiskeli, nilishawahi kuiendesha peke yangu hadi Mtito Andei, na sifa zilikuwa zimenilevya. Mzee Ndululu alinikanya. "Mwalimu, ntheo haipelekwi na mtu mmoja kama gunia la mahindi linaloenda kusagwa."

"Basi panda hapo nyuma, mzee, umshike pembe," nikamjibu. Watu wakacheka. Nikaondoka peke yangu, beberu amefungwa kwenye keria.

Upepo wa Agosti unaujua. Nilipovuka Mto Athi ulinipiga ubavuni, na kila beberu alipojitupa, baiskeli ilitaka kuingia shambani. Barabara ilipopinda, ukaja usoni. Mahindi yalikuwa yamevunwa, yamebaki mabua na vumbi, hakuna kitu cha kuuzuia. Nilisukuma kuliko nilivyoendesha. Alasiri nikamshusha beberu apumue, kamba nikaifunga kwenye usukani. Upepo ukaiangusha baiskeli, akashtuka, akachomoka. Nilimwona akiingia kwenye mibaazi. Nilimtafuta hadi jua likashuka.

Milima ya Mbumbuni niliiona pale mbele. Ningeweza kwenda nikasema yaliyonipata. Niligeuza. Upepo sasa ulinisukuma mgongoni, na sijawahi kurudi nyumbani upesi hivyo.

Baba yako aliniuliza, "Kaka, wamempokea?"

Nikasema, "Wamempokea."

Kwa kuwa ntheo haikukamilika, nyanya yako wa Mbumbuni alikufa bila kukanyaga nyumba ya binti yake. Mama yako alipoambiwa na wazazi wake kwamba beberu hakuonekana, alimuuliza baba yako. Baba yako akamjibu kwamba kaka yake hawezi kusema uongo. Nilikuwa nimeketi hapo hapo, nikinywa chai yao. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena, nami nimekuwa mzee wa kanisa.

Sitaapa. Kesi ikianguka, baba yako atamkosa mkewe hata kaburini. Labda wazee wakimpeleka beberu sasa Mbaluka atampokea, lakini sina matumaini. Amekaa na uchungu miaka mingi mno, na uchungu huo niliupanda mimi.

Mwambie baba yako wewe, kabla ya siku ya korti. Mimi nimejaribu. Kila asubuhi huniletea uji, hunishikia kikombe ninywe, nami huishia kumshukuru kwa uji. Msamaha siombi. Sijui ningeanzia wapi kuuomba.

Msalimie mumeo, na Nduku mbusu paji la uso kwa niaba yangu. Shangazi yako Kalondu anawasalimu nyote. Mungu awatunze huko mliko, na awape kusema kweli mapema kuliko mimi.

Baba yako amekaa hapa mlangoni, ameshavaa viatu, anangoja nifunge bahasha aipeleke posta. Ameniuliza kama nimekuandikia kwamba tutashinda. Nimemwambia ndiyo.

Akupendaye kwa siku zilizobaki,
Baba yako mkubwa,
Muindi