Uzi Mweupe wa Mjukuu Wako

Mama, shikamoo. Najua huitikii tena, ila kuanza bila salamu siwezi. Mkaza mwanao ulimzoesha mwenyewe.

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, mtoto mgongoni. Nikikaa tu anaamka. Ni msichana, Mama. Tumempa jina lako, kwa hiyo akinisumbua nikataka kumgombeza, naona haya.

Baridi ya Mgeta safari hii haina huruma, ukungu unaingia mpaka jikoni. Na sweta lake lilikuwa bado ni uzi. Unalikumbuka lile sweta jeupe la mtumba ulilolichagua mjini, tukalifumua barazani? Uzi wake uliufua kwa maji ya vuguvugu, ukautundika msumarini mafungu mawili, na kopo la maji chini yake ili mikunjo inyooke. Ukasema, "Ukikauka utanishikia, tukunje madonge." Ulikauka, Mama. Wewe ulikuwa umeshalala kile kitanda, na hukuinuka.

Nikajaribu peke yangu. Nilipindua kiti, nikalivalisha fungu moja kwenye miguu yake, nikaanza kukunja. Lakini kiti hakiyumbi. Mimi nilipokuwa nakushikia ulinikemea, "Yumba mwanangu, upe uzi njia!" Kiti kimekaa tu kama mgeni. Uzi ukajifunga mafundo mpaka nikalia.

Siku hiyohiyo akaingia wifi Zuhura, binti yako. Alikuwa hajanisemesha tangu msibani, pale aliponiambia mbele za watu, "Umemfaidi mama yangu." Wewe ulifia mikononi mwangu, yeye akiwa Kingolwira kwa mumewe. Alikuwa amepanda na fuso, lile lori linalofuata kabichi, kuja kuchukua kikapu chako cha kufumia. Ni haki yake, nikampa. Akauona uzi kwenye kiti.

"Na huo."

Nikamwambia, "Kikapu chukua, wifi. Huu Mama aliufua kwa ajili ya mtoto. Hautoki."

Nikasimama mbele ya kiti, Mama.

Akayatazama yale mafundo, akacheka kile kicheko chenu cha puani. "Sasa hiki ndiyo nini? Kiota cha kunguru?" Akakaa mkekani, akafungua fundo moja baada ya jingine, akalivaa fungu mikononi. "Haya, kunja. Na usibane, sweta litarudi likifuliwa."

Kisha akayumba. Kushoto, kulia, taratibu, uzi unakuja wenyewe. Mama, ilikuwa mikono yako kabisa.

Mwenye uzi mikononi haondoki. Basi nikamwambia yote ambayo msibani hayakusemeka. Uji ulioutaka halafu ukauacha. Ulivyoniuliza kama mvua imefika Kingolwira. Na ile asubuhi ya mwisho ulipoita, "Zuhura," mimi nikaitika "Abee," ili usingoje.

Machozi yakamtoka, na mikono imefungwa. Nikamfuta kwa pembe ya kanga yangu. Akaendelea kuyumba mpaka fungu likakaribia kwisha, ndipo akasema, "Ulifanya vizuri kuitika."

Kikapu ameondoka nacho. Sindano ameniachia, na mtoto alimbeba mpaka fuso likapiga honi. Sasa mgongo wa sweta tayari, kifua tayari, na mkono mmoja. Donge limeisha. Baba mtoto ananitania eti tumvalishe hivyohivyo, mkono wa pili autie kwenye kanga.

Fungu la pili bado liko msumarini. Zuhura kasema gulio lijalo atapanda tena. Mikono yangu inawasha kulishusha, maana baridi haingoji mtu. Mtoto nitamfunika kanga mbili. Nakuahidi, Mama, kiti sikipindui tena. Namngoja mwanao.

Lala salama, Mama yangu. Hapa tunaendelea.

Mkaza mwanao,
Salma